Sura ya Saba: Suti ya Uzee na Hatari ya Huruma

Katika baadhi ya vyuo vya uuguzi vya Marekani na Ulaya, mwanafunzi huingia darasani akakuta begi lenye suti nzito. Ndani yake mna kizibao chenye vipande vya kuongeza uzito, mikanda ya kukaza magoti na viwiko, glavu za kufifisha hisia za vidole, miwani yenye ukungu wa rangi ya manjano na vizibo vya masikio. Akishaivaa huambiwa apande ngazi, afungue kichupa cha vidonge, asome maelekezo ya dawa yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, kisha ajaze fomu. Moja ya suti hizo hutengenezwa Ujerumani na huitwa GERT. Nyingine, AGNES, ilibuniwa na maabara ya AgeLab ya chuo cha MIT. Baada ya muda mfupi mwanafunzi huivua, akafuta jasho, akajaza dodoso, na mara nyingi huandika kwamba sasa anawaelewa wazee. Kauli hiyo isipokewe haraka. Mazoezi ya kuigiza yanaweza kweli kupunguza ubaguzi wa umri miongoni mwa wauguzi watarajiwa, lakini hayafanyi hivyo kwa kumwonjesha kijana uchakavu wa mwili. Yakiishia hapo, yanaweza hata kuukuza ubaguzi uleule yaliyokusudiwa kuung'oa.

Kwanza tujue tunapigana na nini. Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, ndiye aliyeupa ubaguzi huu jina lake la kitaalamu mwishoni mwa miaka ya 1960, akiuweka katika safu moja na ubaguzi wa rangi na wa jinsia. Kwa miaka mingi watu waliuona kama suala la adabu tu. Haukuwa hivyo. Mwaka 2020 Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti 422 kutoka nchi 45, na katika zaidi ya asilimia 95 ya tafiti hizo ubaguzi wa umri uliambatana na afya mbaya zaidi kwa wazee. Katika tafiti zilizohusu nani anapewa tiba gani, asilimia 85 zilionyesha kwamba umri wenyewe uliamua nani apate huduma fulani na nani akose. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu jambo hilihili na kusema kwamba mtu mmoja kati ya wawili duniani ana mtazamo wa kibaguzi dhidi ya wazee. Utafiti mwingine wa Levy, wa mwaka 2002, uliwafuatilia watu 660 wa mji mdogo wa Oxford katika jimbo la Ohio. Waliouona uzee wao kwa mtazamo mzuri waliishi wastani wa miaka saba na nusu zaidi ya waliouona kwa mtazamo mbaya. Anayemhudumia mzee kila siku ana nafasi kubwa ya kuujenga au kuubomoa mtazamo huo, na hospitalini mtu huyo ni muuguzi.

Lakini ubaguzi wa wodini hauna sura ya chuki, na hapa ndipo wabunifu wengi wa mafunzo hupotea njia. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Susan Fiske na wenzake walionyesha kwamba watu huyapima makundi ya wenzao kwa mizani mbili: je, ni wema? Je, wana uwezo? Wazee walipata alama za juu kwenye wema na za chini kwenye uwezo, na hisia iliyoambatana na mchanganyiko huo ilikuwa huruma. Utafiti wa kundi hilohilo wa mwaka 2005 ulikuta picha ileile katika nchi kadhaa, Japani na Korea Kusini zikiwemo, ambazo zinasifika kwa kuwaheshimu wakubwa. Muuguzi mwenye ubaguzi wa umri, basi, anaweza kuwa ndiye mpole kuliko wote zamuni. Ndiye anayemwita mgonjwa wa miaka themanini kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, anayemvalisha pempasi kwa sababu ni rahisi kuliko kumsindikiza msalani, anayemuuliza binti maswali huku mama mwenyewe amekaa hapo, ana akili zake timamu, na hakuna aliyemtazama. Ndiye anayeambiwa kuhusu maumivu ya goti akajibu kwa upole kwamba ni uzee tu. Upole huo una gharama. Kristine Williams na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walirekodi video za wauguzi wakiwahudumia wazee wenye maradhi ya kusahau katika makao ya wazee nchini Marekani. Muuguzi alipotumia lugha ya kitoto, uwezekano wa mzee kukataa huduma ulikuwa asilimia 55. Alipozungumza kawaida, asilimia 26.

Kama kiini cha ubaguzi huu ni huruma inayomvua mtu uwezo, zoezi linalozalisha huruma zaidi haliwezi kuwa dawa yake. Ushahidi mkali zaidi unatoka katika uwanja jirani, ule wa ulemavu. Mwaka 2015 Arielle Silverman na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu wanaoona walifungwa macho na kupewa kazi za kawaida. Walipovua vitambaa, waliwaona wasioona kuwa na uwezo mdogo wa kufanya kazi na kujitegemea kuliko walivyoonwa na washiriki ambao hawakufungwa macho. Mwaka 2017 Michelle Nario-Redmond na wenzake walikuta kwamba walioiga ulemavu walitoka na huruma zaidi, lakini pia na fadhaa, aibu na hofu juu ya nafsi zao, bila mtazamo wao kuhusu kushirikiana na walemavu kuwa bora. Sababu haijifichi. Kitambaa cha macho humpa mtu dakika za kwanza za upofu, zile za kujikwaa na kupapasa, na kumnyima yote yanayofuata: kuzoea, kujifunza fimbo, kuijua nyumba kwa miguu. Suti ya uzee hutenda kosa hilohilo. Humbebesha kijana wa miaka ishirini miaka hamsini kwa dakika tano. Mzee halisi hakuuvaa uzee wake asubuhi moja. Ameufikia polepole, amebadilisha anavyoshika kikombe, amehamisha vitu jikoni, amejua saa gani magoti yanakubali na saa gani hayakubali. Ujuzi huo wote haumo ndani ya begi.

Mtetezi wa suti atamtaja Patricia Moore, na ana haki ya kumtaja. Mwanzoni mwa kazi yake, akiwa na miaka 26, mbunifu huyo wa vifaa wa New York alijigeuza bibi wa miaka themanini na zaidi: mikunjo ya bandia usoni, mawani ya kufifisha macho, mavazi ya kupindisha mgongo. Kati ya mwaka 1979 na 1982 alipita hivyo katika miji 116 ya Marekani na Kanada. Lakini tuangalie alichojifunza. Mgongo uliopinda ulimfundisha kidogo. Watu walimfundisha zaidi. Alidharauliwa madukani, alipuuzwa, aliwahi kuporwa na kupigwa hadi kuumia vibaya. Tofauti kati yake na mwanafunzi wa darasani iko hapo. Moore aliuvaa uzee mbele ya wasiojua kwamba ni mavazi, kwa hiyo alikutana na ubaguzi wenyewe. Mwanafunzi anauvaa mbele ya wenzake wanaocheka na mkufunzi anayeshika saa, akakutana na mikanda ya magoti tu.

Suti isitupwe, hata hivyo. Ina kazi yake, ila si hiyo inayopewa. Katika miaka ya 1990 kampuni ya magari ya Ford iliwavalisha wahandisi wake vijana suti ya namna hii ili wajue kwa nini mzee hashindwi kuendesha bali hushindwa kuingia garini, na wakarekebisha milango, viti na vitufe. Swali lao halikuhusu wazee ni watu wa namna gani. Lilihusu kasoro ya gari. Chuo cha uuguzi kikiuliza swali hilohilo kuhusu wodi, suti inafaa sana: kitanda hiki kina urefu gani, kibao cha choo kimeandikwa kwa herufi za ukubwa gani, kwa nini kengele ya kumwita muuguzi imening'inizwa mahali mkono usipofika, kwa nini jina la mgonjwa linaitwa kutoka mwisho wa korido yenye kelele. Zoezi likimfanya mwanafunzi alaumu jengo, limefaulu. Likimfanya amsikitikie mzee, limeshindwa, hata kama dodoso limejaa maneno mazuri.

Basi zoezi gani linapunguza ubaguzi? Historia ya mazoezi ya uuguzi ina jibu la sehemu. Mwaka 1911 shule ya uuguzi ya Hospitali ya Hartford, Connecticut, ilipokea mdoli wa ukubwa wa mtu mzima aliyetengenezwa na Martha Jenks Chase, fundi wa midoli wa Rhode Island. Wanafunzi walimwita Bi Chase, na kwa miongo mingi alinyanyuliwa, akaogeshwa na kugeuzwa kitandani bila kunung'unika. Mdoli hufundisha mikono vizuri. Hafundishi chochote kuhusu nafsi ya mgonjwa, kwa sababu hana maisha ya nyuma wala mapendeleo, na hana ubishi. Midoli ya kisasa inapumua na kutoa mapigo ya moyo, lakini katika hili haijamzidi sana Bi Chase. Mkufunzi anayemvika mdoli wa kijana wigi la mvi na kutangaza kwamba leo tunamhudumia mzee amebadilisha nywele tu.

Hatua ya maana ilipigwa Marekani pale Chama cha Kitaifa cha Uuguzi cha nchi hiyo, kwa kushirikiana na Chuo cha Jamii cha Philadelphia, kilipoandaa mpango unaoitwa ACES kwa ajili ya kufundishia huduma ya wazee. Mpango huo una wagonjwa wa kubuniwa, na anayejulikana zaidi ni Millie Larsen, mjane wa miaka 84 anayeishi peke yake na paka wake Snuggles. Kabla mwanafunzi hajagusa kipimo cha presha, husikiliza sauti ya Millie mwenyewe akieleza maisha yake: mume aliyefariki, nyumba anayoipenda, binti anayeanza kusema kwamba mama asikae tena peke yake. Ndipo Millie analetwa hospitalini akiwa amechanganyikiwa. Mwanafunzi aliyezoea kudhani kwamba mzee kuchanganyikiwa ni jambo la kawaida atapita tu. Aliyemsikiliza anajua kwamba huyu si Millie wa wiki iliyopita, na kwamba mabadiliko ya ghafla yanadai kutafutiwa chanzo; na chanzo kipo, ni maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) na upungufu wa maji mwilini, vyote vinatibika. Mwishoni wanafunzi huambiwa waimalizie hadithi yake kwa maandishi. Ustadi wa zoezi hili uko katika mpangilio. Mtu ametangulia, udhaifu umefuata, na udhaifu umesomwa kwa kuulinganisha na mtu huyo mwenyewe wala si kwa kuulinganisha na umri wake. Kosa la kibaguzi hapa linageuka kosa la kitaalamu: asemaye ni uzee tu ameacha ugonjwa unaotibika ukiendelea. Mwanafunzi anaweza kubishana na mahubiri kuhusu heshima. Hawezi kubishana na majibu ya kipimo cha mkojo.

Millie bado ni sauti na faili. Zoezi lenye nguvu kuliko hilo linamtumia mzee halisi kama mgonjwa wa kuigiza. Utaratibu wa kuwafundisha watu wazima wasio wagonjwa waigize ugonjwa ili wanafunzi wajizoeze ulianzishwa na daktari Howard Barrows huko California mwaka 1963, na leo unatumika duniani kote. Ukiuhamishia kwenye uuguzi wa wazee, hutokea jambo ambalo suti haiwezi kulileta. Bibi wa miaka sabini na minne anaigiza kuchanganyikiwa kwa dakika kumi na tano, analia, anaing'ang'ania blanketi, anamwita mwanafunzi kwa jina la marehemu dada yake. Kisha mkufunzi anasimamisha zoezi. Bibi anajifuta machozi ya kuigiza, anavaa miwani yake, anafungua karatasi na kuanza kumsahihisha mwanafunzi: hukunitazama usoni, ulizungumza na mwenzako juu ya kichwa changu, ulinishika mkono vizuri lakini hukuniambia unanifanyia nini. Mizani ya Fiske inapinduka hapo hapo. Aliyedhaniwa mwema asiye na uwezo ndiye mwenye uwezo kuliko wote chumbani, na mwanafunzi anatolewa makosa na mtu wa kundi ambalo alizoea kulisikitikia.

Kikao cha tafakuri kinachofuata kina uzito kuliko zoezi lenyewe, na ndicho vyuo vyenye haraka hukikata kwanza. Mwanafunzi akitoka kwenye zoezi akaenda moja kwa moja kula, atabaki na hisia alizonazo, na hisia zinazokuja zenyewe ni hofu na huruma. Zinahitaji kuulizwa: ulichokiona ni ugonjwa au ni umri? Uamuzi ule ungeufanya kwa mgonjwa wa miaka thelathini? Na zoezi peke yake halitoshi hata likiongozwa vizuri. Mwaka 2019 David Burnes na wenzake walijumlisha tafiti 63 za njia za kupunguza ubaguzi wa umri, zenye washiriki 6,124, wakakuta kwamba elimu inasaidia, kukutana kwa vijana na wazee kunasaidia, na viwili hivyo vikiunganishwa ndipo matokeo makubwa zaidi yanapopatikana. Mzee anayeigiza kisha akafundisha anaviunganisha kwa mkupuo mmoja.

Muuguzi mkuu wa wodi anaweza kupinga: kwa nini tuigize wakati wodi zimejaa wazee halisi? Apelekwe mwanafunzi wodini, atawajua. Pingamizi hili lina busara, lakini linasahau kwamba wodi huonyesha wazee wa aina moja tu, wagonjwa. Mwanafunzi anayepitisha wiki nane miongoni mwa wenye kiharusi na nyonga zilizovunjika hupata ushahidi wa kila siku kwamba uzee ni kitanda. Wazee wanaolima, wanaouza dukani au wanaoongoza vikao hawalazwi. Kuishi na wagonjwa wazee bila mwongozo kunaweza kuutia ubaguzi mizizi. Isitoshe, wodini huwezi kusimamisha muda na kumuuliza mwanafunzi kwa nini amemgeukia binti badala ya mama. Utafiti mkubwa wa baraza la bodi za uuguzi la Marekani uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mazoezi ya kuigiza yenye ubora yanaweza kuchukua hadi nusu ya saa za mafunzo ya wodini bila kushusha umahiri wa wahitimu. Hakuna anayedai wodi ifungwe. Kinachodaiwa ni kwamba mwanafunzi afike huko akiwa na jicho lililokwisha kurekebishwa.

Pingamizi la pili tunalisikia zaidi Afrika Mashariki: huo ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tunawaamkia wazee wetu. Ni kweli tunawaamkia. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na hospitali zetu zina madirisha ya wazee. Lakini katika nchi hiyohiyo, kwenye mikoa ya kanda ya ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa miaka mingi jikoni. Jamii inaweza kuuheshimu uzee kwa jumla na kumhukumu mzee mmoja mmoja kwa sura yake. Ndani ya wodi mambo ni madogo zaidi ila njia ni ileile: muuguzi anampa bibi shikamoo kwa unyenyekevu wote, kisha anageuka kumuuliza kijana aliyemleta kama bibi amekula, amepata choo, anaumwa wapi. Heshima ya maamkizi haipimi maumivu. Korea na Japani zilikwisha kutuonyesha kwamba heshima na kudhaniwa huna uwezo hukaa nyumba moja bila kugombana. Tena wauguzi wetu hawabaki nyumbani wote. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya mwaka 2021, na wengi wanaokwenda huko hukuta wodi ambazo wagonjwa wake wengi ni wazee. Uingereza nayo ina kidonda chake. Uchunguzi ulioongozwa na Robert Francis kuhusu hospitali ya Stafford, uliokamilika mwaka 2013, ulieleza wagonjwa, wengi wao wazee, walioachwa kwenye mashuka machafu na kuwekewa maji mahali mikono yao isipofika.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi, na halina jibu kamili: je, badiliko linadumu? Tafiti nyingi za mazoezi haya ni ndogo, hupima mtazamo kabla na mara tu baada ya zoezi, na hutegemea madodoso kama lile la Nathan Kogan la mwaka 1961, ambamo mwanafunzi hujibu kama anakubali au anakataa kauli kuhusu wazee. Mwanafunzi mwerevu anajua mwalimu anataka jibu gani. Hilo ni sababu ya kupima kitu kingine, si ya kuacha zoezi. Miezi sita baadaye mkufunzi asimame wodini na kuhesabu: mwanafunzi amezungumza na mgonjwa kwanza, au na ndugu? Amepima maumivu ya mzee kama alivyopima ya kijana wa kitanda cha jirani? Alipoona kuchanganyikiwa kwa ghafla, ameita daktari au ameandika umri? Mambo hayo huonekana kwa macho, na chuo kisichoyaangalia hakina ushahidi kwamba suti zake zimefanya kazi yoyote.

Imebaki fedha, na hapa vyuo vyetu vina nafuu ambayo havijaitumia. Suti za nje ni ghali. Mdoli anayepumua ni ghali zaidi na akiharibika fundi wake yuko ng'ambo. Lakini Tanzania na Kenya huwastaafisha watumishi wa umma wakiwa na miaka sitini, maana yake kila wilaya ina wauguzi, wakunga na walimu wastaafu wenye afya, wenye ulimi na wenye muda. Mkunga aliyekaa wodini miaka thelathini na tano anajua kuigiza mgonjwa kwa sababu amewaona wote, na anajua kumkosoa mwanafunzi kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mpe nauli na posho, mpe nusu siku ya maandalizi na mkufunzi, mpe pia haki ya kusema wazi alichokiona. Mkuu wa chuo ambaye bajeti yake ya mwaka huu haitoshi kununua suti moja asisubiri mfadhili. Aandike barua kwa ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, aombe orodha ya wastaafu, na awaite kabla muhula haujaanza.